Waliokuwemo na Wasiokuwemo

Kila mji wa Kenya una ile sauti. Inatoka kwenye kipaza sauti kidogo kilichofungwa kwenye mkokoteni au kinachoning'inia begani mwa kijana, imerekodiwa mara moja na inajirudia kutwa nzima: dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto. Isiolo utaisikia kuanzia sokoni hadi kwenye steji ya magari ya Meru, ikishindana na adhana na bodaboda. Mzigo wa huyo kijana ni historia fupi ya uadui wetu na panya. Kuna sumu ya chembechembe zilizotiwa rangi, kuna mtego wa springi, kuna kizimba cha waya kwa anayetaka, na siku hizi zaidi ya vyote kuna gundi: kadibodi mbili zinazofunguka kama kitabu. Unaiweka nyuma ya gunia la mchele, unalala. Asubuhi unakuta kitu kimenasa na kiko hai, kinakuangalia, na hapo ndipo unagundua kwamba ile sauti ilikuuzia kukamata tu. Kinachofuata ni shauri yako.

Wengi wetu tunajua kinachofuata. Kadibodi inakunjwa, inatupwa kwenye shimo la taka, na panya anafia huko polepole kwa kiu na kuhangaika. Wengine wanamwaga maji ya moto. Wengine wanaita watoto waje waone. Sisemi haya kwa kujifanya mtakatifu. Panya anakula unga wa mtu, anatafuna waya, anakojolea vyombo, na mwenye duka Bula Pesa hana muda wa falsafa saa kumi na mbili asubuhi. Lakini swali la unamfanyia nini aliyekwisha kunaswa lina historia ndefu katika nchi hii, na ukilifuata linakupeleka mahali usipotarajia. Linapita Nairobi, linapita Hanoi, halafu linarudi Isiolo, mji ambao wenyewe ulikua kama mahali pa kuzuia.

Waswahili walishasema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Methali hii huwa tunaitumia kwa watu: polisi wamefagia mtaa, kijana aliyetoka kununua maziwa amebebwa na wezi. Mimi naanza kwa kuichukua kama ilivyo. Gundi ya Isiolo haikamati panya peke yake. Inakamata mjusi kafiri, yule anayekula mbu ukutani. Inakamata kifaranga, na paka mchanga wa jirani. Mtengenezaji wa methali alijua mitego.

Sasa twende mwaka 1902.

Nairobi ilikuwa na miaka mitatu tu. Reli kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899, pakawa na kambi, kisha karakana, kisha maduka ya bati na mbao yaliyosongamana kwenye kinamasi, mtaa ulioitwa Bazaar ya Wahindi. Reli ilileta magunia ya mchele, unga na dengu yaliyoshushwa Mombasa, mengi yakitoka Bombay, na Bombay ilikuwa na tauni tangu mwaka 1896. Panya mweusi, yule mwembamba anayekaa darini, asili yake ni Asia ya Kusini, na amezunguka dunia kwa jahazi, kwa meli, halafu kwa behewa. Hajali tiketi. Tauni ilipozuka kwenye Bazaar mwaka huo wa 1902, daktari wa serikali, Alfred Spurrier, aliamuru mtaa uteketezwe kwa moto. Ukateketezwa. Wenye maduka wakabaki na majivu na madai ya fidia, na baada ya muda Bazaar ikajengwa tena.

Ni rahisi kumcheka Spurrier leo. Lakini angalia alichokuwa anajua. Bakteria wa tauni alikuwa ametambuliwa mwaka 1894 huko Hong Kong na Alexandre Yersin. Jinsi anavyoruka kutoka kwa panya hadi kwa mtu, hapo ndipo palikuwa na mabishano. Mwaka 1898, huko Karachi, daktari Mfaransa aitwaye Paul-Louis Simond alimweka panya mgonjwa kwenye chombo cha kioo, akaning'iniza humo kizimba chenye panya mzima. Hawakuweza kugusana. Kitu pekee kilichoweza kuvuka kati yao ni kiroboto. Yule mzima akaugua. Simond aliandika matokeo yake na wakubwa wa sayansi wakampuuza karibu miaka kumi, hadi tume ya Waingereza nchini India iliporudia majaribio ya aina hiyo na kukubali.

Kwa hiyo Nairobi ilipochomwa, kiroboto alikuwa bado hajatambuliwa rasmi kama mkosaji. Kiroboto ndiye ufunguo wa mambo yote haya, hata kwa mtu mwenye kadibodi ya gundi leo. Kiroboto anaishi kwa damu ya moto. Panya akiwa hai, kiroboto hana sababu ya kuhama. Panya akifa na mwili ukapoa, viroboto wanatoka kutafuta mwili mwingine, na mwili wa karibu mara nyingi ni wa mtu aliyekuja kumwokota panya kwa mkia. Wanavijiji wa India walikuwa wamejifunza hili bila hadubini: wakiona panya wanaanguka kutoka darini na kufa ovyo, wanahama nyumba. Moto wa Spurrier uliua panya walioshindwa kukimbia, sawa. Waliokimbia walikimbia na viroboto wao, na panya hukimbia moto haraka kuliko mtu anavyohamisha gunia.

Mwaka huohuo wa 1902, mbali kabisa na hapa, Wafaransa waliotawala Hanoi walikuwa wanapambana na tauni hiyohiyo. Walikuwa wamejenga mifereji ya kisasa ya majitaka chini ya mtaa wa Wazungu, na panya wakaiona ni barabara kuu. Serikali ikaajiri wawindaji. Siku moja ya Juni waliua zaidi ya panya 20,000, na bado hawakuisha. Ndipo ikatangazwa kwamba raia yeyote akileta mkia wa panya atalipwa. Mikia ikaja kwa maelfu. Halafu maafisa wakaanza kuona mitaani panya wazima wanaotembea bila mikia. Watu walikuwa wanawakamata, wanawakata mkia, wanawaachilia wakazae. Wengine walifungua kabisa ufugaji wa panya nje ya mji. Hapa kwetu tungesema wameingia biashara. Mwanahistoria Michael Vann, aliyeichimbua hadithi hii kwenye nyaraka, anaitumia kuonyesha upumbavu wa dola. Mimi naona pia kwamba katika mpango mzima hakuna aliyeulizwa panya akishakamatwa afanywe nini. Aliyeulizwa ni mkia.

Nairobi tauni iliendelea kurudi, na kila iliporudi iliacha ramani mpya. Mwaka 1913 Wizara ya Makoloni ilimtuma Profesa W. J. Simpson kuja kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Ripoti yake ilipendekeza miji igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na nafasi tupu katikati. Hoja ilikuwa ya afya. Ukisoma historia ya upangaji wa Nairobi huwezi kuikwepa ripoti hiyo. Panya hakuwa na rangi wala anwani, lakini yeye ndiye aliyepewa lawama ya kuchorea mipaka ambayo bado unaiona ukipanda matatu kutoka Parklands kwenda Eastlands. Mkakati ulikuwa uleule wa mwaka 1902: kama hujui mgonjwa ni nani, fungia mtaa.

Jambo la tatu la mwaka 1902 ni sheria. Mwaka huo utawala wa Kiingereza ulipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, iliyompa afisa uwezo wa kutangaza eneo limefungwa, asiingie mtu wala kutoka bila kibali. Baadaye Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD ambayo babu zetu wanaitamka kama jina la nchi, ilifungwa kwa mtindo huo. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalum, iliyoruhusu jamii nzima kuadhibiwa kwa kosa la baadhi yao. Na mlango wa nchi hiyo iliyofungwa ulikuwa Isiolo.

Isiolo ilikuwa makao makuu ya utawala wa kaskazini, na ilikuwa karantini. Ng'ombe waliotoka Marsabit, Wajir, Moyale, walizuiwa kwenye malisho ya hapa na kukaguliwa homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kwenda kusini. Hadi leo kuna sehemu ya Isiolo inaitwa LMD, herufi za idara ya masoko ya mifugo iliyosimamia eneo la kuzuilia, na watoto waliozaliwa huko wanalitaja kama jina la mtaa mwingine wowote. Karantini ilikuwa na sababu ya kweli: homa ya mapafu ya ng'ombe ni ugonjwa mbaya. Ilikuwa pia na faida ya pembeni, kwamba ng'ombe wa mfugaji wa kaskazini hawakuvurugia bei walowezi wa Laikipia na Nanyuki. Ugonjwa na soko vilishikana mikono getini, na aliyesimama upande wa pili na ng'ombe wazima wa afya alilipa gharama ya wote.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi watu wa kaskazini ni kama panya. Hiyo lugha imetumika dunia nzima, na kila ilipotumika ilifuatiwa na damu. Ninachosema ni kwamba dola moja, katika miaka ileile, ilikuwa na wazo moja kuhusu hatari: zungushia ua, walio ndani wote ni washukiwa, na mtu akishakuwa ndani hakuna kanuni inayokubana namna ya kumtendea. Uhuru haukulivunja wazo hilo. Mwishoni mwa Desemba 1963, wiki mbili baada ya bendera kupanda, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, na vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Watu walikusanywa kwenye kambi, Garba Tulla ikiwemo, wakakatazwa kutoka na mifugo yao. Ngamia na mbuzi walipigwa risasi, wakachukuliwa, au wakafa kwa njaa na magonjwa kwenye malisho yaliyokwisha. Gudrun Dahl na Anders Hjort, wanaanthropolojia wa Uswidi waliokaa hapa na kuchapisha vitabu vyao mwaka 1979, waliandika jinsi Waborana wa Isiolo walivyoingia vita wakiwa na mali na kutoka wakiwa maskini wa mjini. Waborana wenyewe wana jina la kipindi hicho: Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Jina linakaa pale ambapo wengine wangeweka neno vita.

Na hapa ndipo panya wa nyumbani anarudi kwenye hadithi, kwa njia ambayo vitabu haviigusi sana. Nyumba ya mfugaji anayehama haina cha kumpa panya huyu. Maziwa yako kwenye vyombo vilivyosukwa na kuning'inizwa. Nafaka ni kidogo. Baada ya miezi michache nyumba inafunguliwa, inapakiwa kwenye ngamia, na tundu lolote lililochimbwa linabaki bila mwenyeji. Mtu akishapoteza ngamia wake, anakaa. Akishakaa, anategemea mahindi ya msaada. Mahindi yanakuja kwa gunia, gunia linakaa ghalani, ghala linakaa mwaka hadi mwaka mahali palepale. Panya mweusi hahitaji mwaliko mwingine. Ukimuuliza bibi mmoja wa Kulamawe alianza lini kusumbuliwa na panya, usishangae akikujibu kwa kutaja mwaka alipoacha kuhama.

Kuna kiumbe mwingine aliyekamatwa akazuiwa Isiolo, na huyo dunia nzima inamjua. Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyeishi hapa, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akakuta watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alikulia Isiolo kwa George na mkewe Joy, akilelewa pamoja na pimbi wa nyumbani aliyeitwa Pati. (Pimbi si panya, ingawa kila mtalii husema hivyo. Ukoo wake ni wa tembo.) Kitabu cha Joy kilitoka mwaka 1960, filamu ikafuata mwaka 1966. Wakati Wazungu wa London wanalia kwa furaha kwamba simba ameachiwa huru, mtu wa Isiolo alikuwa bado anahitaji karatasi ili avuke kizuizi kwenda Nanyuki. Hadi sasa kuna wazee wa kaskazini wanaosema wanakwenda Kenya wakiwa wanapanda basi la Nairobi.

Lakini nimemleta Elsa kwa sababu nyingine, ya kiufundi. Wanaotaka kuwa na huruma na panya aliyenaswa mara nyingi wana wazo moja: mpeleke mbali, umwachilie porini. Akina Adamson walikuwa na simba, magari, bunduki na miezi ya kufuatilia, na bado ilikuwa kazi. Jaribio la kwanza walimpeleka mbali, Mara, kwenye hali ya hewa na vimelea asivyovizoea. Akaugua, akakonda, wakalazimika kumchukua. Alifanikiwa walipomhamishia mto Ura, upande wa Meru, karibu na alikozaliwa. Baada ya Elsa kufa mwaka 1961, watoto wake watatu walianza kuvamia mbuzi wa watu, wakakamatwa na kupelekwa Serengeti. Wakiwa huko walitafutwa kwa muda mrefu na hawakuonekana vizuri tena. Kama simba anapotea hivyo, panya wa gramu 150 aliyeachwa kando ya barabara ya Archer's Post saa tano mchana ana nafasi gani? Hajui maji yako wapi, hajui tundu liko wapi, na kila shimo analolikuta lina mwenyewe. Kumwachilia hivyo ni kumuua bila kuangalia. Na akipona, ataingia kwenye nyumba ya kwanza anayoiona, pamoja na viroboto wake.

Hata hivyo si kila anayenaswa ni panya mweusi. Isiolo iko mpakani mwa pori, na pori la hapa lina panya wa ajabu. Kwenye majabali ya Laikipia, jirani zetu wa magharibi, anaishi panya wa miiba, mdogo, mwenye nywele ngumu mgongoni. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti wa panya hao waliowakamata karibu na kituo cha Mpala. Ngozi yao inachanika kwa nguvu kidogo sana. Adui akimshika, panya anaacha ngozi na kukimbia, na anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Kisha inaota tena, na nywele zake, bila kovu kama letu. Maabara za Marekani zinamsoma mnyama huyu kwa matumaini ya kutibu majeraha ya binadamu. Sasa fikiria huyo akikanyaga gundi ya shilingi mia. Silaha yake yote ni kuacha ngozi, na gundi haiachi.

Zaidi ya hapo, kwenye mchanga wa kaskazini, kuna fuko asiye na manyoya, yule wa meno ya mbele yaliyotoka nje ya midomo. Ukiona kilima kidogo kinatema mchanga kama volkano ya mwanasesere, ni yeye. Jennifer Jarvis aliwakusanya kutoka Kenya, na mwaka 1981 akautangazia ulimwengu kwamba wanaishi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, wengine wanafanya kazi. Baadhi ya waliotoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliishi kwenye maabara zaidi ya miaka 30, umri ambao kwa mnyama wa ukubwa ule hauelezeki kirahisi. Namna ya kuwakamata inanisumbua kidogo. Hakuna chambo. Unafungua handaki na kukaa kimya, mfanyakazi anakuja kuziba tundu ili aokoe nyumba yao, na jembe linashuka nyuma yake kumkatia njia ya kurudi. Ananaswa na uwajibikaji wake. Ila wale wakishakamatwa wana bahati: wanahesabiwa, wanalishwa, wanapewa joto. Mtafiti ana kanuni za kimaandishi kuhusu mnyama aliye mkononi mwake. Mwenye duka hana.

Basi tuongee kama watu wa nyumbani. Nini cha kufanya na aliyenaswa?

Kwanza usimguse kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa. Simond alishakueleza kwa nini. Tauni ya Nairobi ni historia, lakini huko Ituri, Kongo, bado inaua, na Madagascar mwaka 2017 ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 2,000. Hata pasipo na tauni, mkojo wa panya unabeba leptospira, ambayo inaingia kwa mchubuko mdogo tu. Vaa glavu nene, au mifuko miwili ya plastiki kama glavu hakuna. Panya aliyebanwa anauma, na hana kosa.

Akiwa kwenye kizimba cha waya, mfunike kwa kitambaa. Giza linamtuliza na wewe pia linakutuliza. Usimwache juani: kizimba cha waya Isiolo saa nane mchana ni oveni. Kama ni panya wa porini aliyepotea njia, mbebe hadi nje ya ua, mita chache tu, jioni, karibu na mawe au kichaka, fungua mlango ukiwa umesimama nyuma yake, uondoke. Kama ni panya mweusi wa darini, au kale kapanya kadogo ka nyumbani, na umeamua kwamba hawezi kuishi nawe, basi muue, na umuue upesi. Pigo moja zito la kichwa, juu ya kitu kigumu, akiwa ndani ya mfuko imara. Ni jambo la kuchukiza. Linachukua nusu sekunde. Kumzamisha kwenye ndoo, ambako watu wengi wanaona ni upole kwa sababu hakuna damu, kunachukua dakika nzima za kupigania pumzi, na madaktari wa mifugo hawakukubali kama njia ya kuua. Maji ya moto sitaki hata kuyajadili.

Akiwa kwenye gundi, usimvute. Utamchana. Panya aliyeshikwa mwili mzima, bora pigo lilelile, mara moja. Mjusi au kifaranga ni habari nyingine: mmiminie mafuta ya kupikia taratibu pale mguu ulipogusa, subiri, sugua kwa kijiti, ongeza mafuta. Inaweza kuchukua robo saa. Wengi wanatoka wazima.

Mzoga unyunyizie maji yenye dawa ya klorini, acha dakika kumi, funga kwenye mifuko miwili, ufukie chini kiasi kwamba mbwa hatafukua. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu, maana vumbi lake unalivuta puani, lowesha kwanza. Nawa kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.

Sumu ningeiacha. Zile zinazozuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kuua, na kwa siku hizo panya anayumbayumba hadharani, chakula rahisi kwa paka, kwa mwewe, kwa bundi. Bundi tunamfukuza kwa mawe ati analeta kifo, kumbe usiku kucha anafanya bure kazi tunayomlipia yule kijana wa kipaza sauti. Hapa kaskazini tunajua sumu ilivyofanya kwa simba na tumbusi: mfugaji anatia dawa kwenye mzoga wa ng'ombe kwa hasira ya simba mmoja, na asubuhi anakuta ndege wamelala wametapakaa. Waliokuwemo na wasiokuwemo.

Kuhusu sheria, Uingereza ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kuwazuia watu wa kawaida kutumia gundi ya panya, ikaanza kazi mwaka 2024. New Zealand ilishaibana kabla yao. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo huwa tunaikumbuka kwa habari ya punda na mbwa. Sijawahi kusikia mtu amefikishwa mahakamani Isiolo kwa sababu ya panya, na sitarajii. Ukiniuliza, kuondoa gundi kwenye mkokoteni kungekuwa hatua ndogo na rahisi. Mtego wa springi wenye nguvu, uliowekwa vizuri, chambo kikielekea ukutani kwa sababu panya hutembea akigusa ukuta, unaua hapohapo na unauzwa kwa bei ambayo haitofautiani sana.

Ila mitego yote ni kazi ya baada ya kosa. Wameru, ambao ndio hutuletea mahindi na maharagwe, walijenga maghala yao juu ya miguu ya mbao tangu zamani, na ghala lililoinuliwa ni gumu kwa panya kuliko gunia lililolala sakafuni. Duka la Isiolo linaweza kufanya vivyo hivyo kwa mbao za jukwaa na pipa la bati lenye kifuniko. Halafu tundu. Tundu ambalo kalamu ya risasi inapita, kapanya kanapita; ambalo kidole gumba kinapita, panya mweusi kijana anapita. Steelwool ya kusugulia sufuria ukiishindilia humo na kuifunika kwa simenti, hatafuni. Anza na pale bomba linapoingia jikoni, kisha chini ya mlango wa nyuma, kisha darini.

Mwenye kizimba aangalie kila asubuhi na kila jioni, bila kuruka hata siku moja. Akisafiri, akifunge.